Raleigh ya mbio ya zamani kwa laki mbili na nusu: nichukue au niache?

KijanaWaTandika

Wakuu, habari za jioni. Kuna banda la mtumba huku kwetu wanauza baiskeli za kontena. Katikati ya zile za Kijapani zenye kikapu nimekuta Raleigh ya mbio, ile ya usukani wa pembe za kondoo. Bluu iliyopauka, imeandikwa Nottingham, England. Kwenye bomba la siti kuna stika imebanduka nusu, nimeambulia kusoma "531" tu. Gia kumi, ringi zinang'aa balaa, na kigeuza gia cha nyuma ni cha plastiki nyeusi kimeandikwa Simplex.

Jamaa anataka laki mbili na nusu. Mimi nina laki tatu kwa kila kitu, matengenezo humo humo. Shida yangu ni ya Jumapili asubuhi tu, kuvuka daraja la Kigamboni, kukanyaga hadi Kimbiji na kurudi. Mshkaji wangu ananicheka, anasema nichukue alumini yenye springi mbele niachane na vyuma vya babu. Mnasemaje?

FundiChumbageni

Mwanangu, hiyo 531 ndiyo iliyonifanya nijibu. Ni chuma cha Reynolds wa Birmingham, chenye manganizi na molibdenamu, kilianza kuuzwa mwaka 1935. Kina nguvu kuliko chuma cha kawaida, kwa hiyo bomba linatengenezwa jembamba na baiskeli inakuwa nyepesi. Isome vizuri stika yenyewe. Ikiwa na neno "butted", mabomba ni manene kwenye ncha na membamba katikati, hiyo ndiyo tamu zaidi. Ikiwa "plain gauge", unene ni mmoja mwanzo hadi mwisho. Bado ni nzuri, usiikatae.

Ila stika hainunuliwi. Kesho rudi na spana na sumaku, hata ya spika mbovu inatosha. Legeza nati ya siti, kisha zungusha siti kwa mikono miwili. Paipu ya siti mara nyingi ni ya alumini, bomba ni la chuma, na vikikaa pamoja miaka na unyevu bila grisi vinashikana kama vimechomelewa. Huku Tanga chumvi ya bahari inatuletea hizo kila mwezi. Watu wanapasha moto, wakati alumini ikipata moto inatanuka kuliko chuma, inazidi kukaza! Mimi naipindua juu chini, namimina mafuta ya kulainisha kutu kupitia chini kwenye kranki, nalaza, halafu asubuhi naifunga barafu hiyo paipu. Nyingine hutoka, nyingine nakata kwa msumeno. Fanya hivyo hivyo kwa shingo ya usukani. Kimoja kikigoma, shusha bei au ondoka.

Halafu pitisha kidole chini ya bomba la juu na la chini, pale nyuma tu ya kichwa cha fremu. Ukihisi mkunjo au rangi imepasuka kwa mstari wa kukata bomba, hiyo iligonga ukuta huko kwao. Simama ubavuni uangalie foko, isiwe imerudi nyuma. Fremu iliyopinda hapo usiipokee hata ya bure, na usikubali mtu akwambie ataipiga welding. Moto wa umeme unatoboa bomba jembamba kama karatasi.

Gia zisikutishe. Hiyo Simplex ya plastiki ikizeeka hupasuka, hesabu kwamba utaitupa. Uzuri wa vijiti vya gia vya zamani, vile vya kwenye bomba la chini, havina alama za kuhesabu. Unavuta mpaka cheni inyamaze. Kwa hiyo kigeuza gia chochote cha Shimano cha mtumba kitakubali. Gololi za kranki badilisha zote, robo inchi, kumi na moja kila upande, grisi mpya. Lakini ekseli na vikombe vyake usiache mtu avitupe, kwa sababu Raleigh nyingi zina nyuzi za peke yake na dukani hupati.

Sasa tairi. Hapa ndipo wengi wanapigwa. Soma namba ndogo ubavuni mwa tairi, ile ya baada ya kistari (ni kipenyo cha ringi kwa milimita), uniletee. Na uniambie sumaku imenasa kwenye ringi au haikunasa.

DadaMtwangaPedeli

Niko Bologna kikazi, naongezea kidogo. Huku Italia kuna tamasha la baiskeli kuukuu linaitwa L'Eroica, lilianza 1997 pale Gaiole in Chianti. Sharti ni baiskeli ya mbio ya kabla ya 1987, vijiti vya gia kwenye bomba, waya za breki zipite nje. Wazee wa miaka sabini wanapanda vilima vya vumbi jeupe na vyuma hivyo hivyo anavyovicheka mshkaji wako. Siri yao ni tairi pana kiasi, upepo usijazwe mpaka tairi iwe jiwe. Zile springi za mtumba wa bei rahisi ni uzito tu wa kubeba.

Wewe una urefu gani kaka? Simama ukiwa umeipandia katikati, nyayo zote mbili chini. Bomba la juu likikugusa pabaya, achana nayo hata ingekuwa ya dhahabu.

KijanaWaTandika

Shikamoo mzee, asante dada. Nimerudi leo. Futi tano na inchi saba, bomba linapita chini yangu kama vidole viwili. Siti imezunguka, shingo nayo imetoka kwa kugongwa kidogo. Hakuna mkunjo. Stika inasema plain gauge. Sumaku imenasa kwenye ringi zote mbili. Tairi ni 32-630. Jamaa anasema hiyo ni "28 tu", nitapata popote.

FundiChumbageni

Marahaba. Mwambie si kweli. 28 ya Phoenix, zile baiskeli za Kichina, ni 635, milimita tano zaidi, italegea na kuchomoka. 28 nyingine ni 622, hiyo haiingii kabisa. Yako ni inchi 27, kampuni ya Panaracer bado wanatengeneza lakini madukani kwetu ni za kubahatisha.

Na ringi zinazong'aa ni chuma, ikinyesha breki zinateleza tu. Kwa hiyo tafuta ringi za alumini za 622 za mtumba. Raba za breki zitashuka milimita nne, na kama breki zako ni zile za Weinmann za kuvuta katikati, zina nafasi hiyo. Pima kwanza, lakini. Pima na upana wa foko la nyuma pia: magurudumu ya zamani yenye gia tano nyuma yalikuwa milimita 120, ya baadaye ni 126 au 130. Chuma kinakubali kupanuliwa taratibu na fundi anayejua, alumini haikubali.

Toa laki na sabini, taja ringi na Simplex kila akipandisha. Usivuke laki mbili.

DadaMtwangaPedeli

Akikataa, kaka, nipe namba ya banda. Narudi Desemba.