Karatasi 284 kila wiki kwa mwalimu mmoja, na bado tunakatazwa kuokoa muda wa kusahihisha

Ndugu walimu wenzangu, nimevumilia muhula mzima na leo nasema.

Nafundisha Biolojia kidato cha pili katika shule ya kata, mikondo minne yenye jumla ya wanafunzi 284. Uongozi wa shule umeagiza jaribio kila Ijumaa, na alama zote ziwe mezani kwa mwalimu wa taaluma Jumatatu kabla ya saa mbili asubuhi. Nikiipa kila karatasi dakika nne tu, hizo ni karibu saa 19, na hapo sijaandika andalio la somo hata moja.

Jaribio lenyewe silipingi. Kinachoniudhi ni kwamba kila njia ya kupunguza mzigo huu imepigwa marufuku. Mwenzangu wa kidato cha kwanza na mimi tuligawana kazi, yeye asahihishe sehemu A ya karatasi zake na zangu, mimi sehemu B; tukaitwa ofisini na kuambiwa kwamba tunategeana. Nilipoweka maswali kumi ya kuchagua, niliambiwa huo ni uvivu wa mwalimu. Uvivu? Watoto hawahawa walipomaliza darasa la saba walijibu kwa kuweka kivuli kwenye herufi, katika fomu zinazosomwa na mashine, utaratibu ambao Baraza la Mitihani limeutumia tangu 2012. Na walimu waliowahi kwenda kusahihisha mitihani ya taifa wanajua kwamba msahihishaji hupangiwa swali lake, akalirudia mpaka mwongozo ukamkaa kichwani, badala ya kurukaruka kutoka swali la kwanza hadi la mwisho kwenye kila karatasi.

Wiki tatu zilizopita nilisahihisha swali la nne peke yake kwa mikondo yote, na hapo ndipo nilipoona kwamba zaidi ya nusu ya wanafunzi wameandika kuwa mimea hupumua usiku tu, na mchana hutengeneza chakula. Kosa hilo ni langu mimi mwalimu, kwa sababu sikulifafanua vizuri, na kama ningesahihisha karatasi mojamoja hadi usiku wa manane nisingeliona. Nilitaka kipindi kimoja cha kulirudia. Sikukipata, kwa kuwa jaribio la Ijumaa iliyofuata lilikuwa limeshapangwa na mada mpya.

Kisha kuna alama zenyewe: nazinakili kwenye daftari langu, kwenye fomu ya taaluma, halafu kwenye kompyuta ya ofisi, majina yaleyale 284 mara tatu. Jumatatu iliyopita binti mmoja alinifuata na karatasi yake mkononi. Kurasa mbili zilikuwa zimeshikana kwenye pini, nami kwa uchovu nilisahihisha ya juu tu. Nilikuwa nimempa 9 kati ya 25, kumbe alistahili 18, na 9 ile ilikuwa imeshabandikwa ubaoni mbele ya wenzake. Nilimwomba radhi, lakini ubao ulikuwa umeshasomwa na shule nzima.

Ninachotaka ni jaribio moja kila baada ya wiki mbili, ruhusa ya kugawana maswali, na alama ziingizwe mara moja tu. Walimu ambao shuleni kwenu mmeruhusiwa hata mojawapo ya haya, nawaomba mnieleze mlimwendeaje mkuu wa shule, kwa maana Alhamisi tuna kikao na nimeshaomba nafasi ya kuzungumza.