Traka ya GPS inaonyesha Fuso inatembea usiku ilhali imepaki

Mwenye uzi: Wakuu, msaada. Fuso inalala Kariakoo katikati ya maghorofa, funguo ninazo mimi. Asubuhi ramani inaonyesha imezunguka usiku kucha, mara mtaa wa pili, mara juu ya paa la watu, spidi 7. Namshuku dereva bure? Na kama GPS ndiyo hii, ndege zinatuaje?

FundiWaya: Dereva muache kwanza. Mawimbi ya setilaiti yanagonga ghorofa kabla ya kufika kwenye antena, yanachelewa. Nanosekunde 1 ni sentimita 30. Wimbi lililozunguka mita 60 zaidi linaweza kulihamisha gari mtaa mzima. Uwanja wazi, kifaa hichohicho kinakosea mita 3 hadi 5 tu.

Sasa chukua multimita upime waya wa ACC, ule unaokiambia kifaa kuwa swichi ya ufunguo imewashwa. Swichi ikizimwa isome volti 0, ikiwashwa 24. Ukikuta 24 muda wote, aliyefunga aliunga kwenye umeme wa kudumu: kifaa kinadhani gari liko kazini, kinarekodi kila kuyumba.

Mtaa_wa_Pili: Na antena. Upande wa kauri utazame juu, chini ya plastiki ya dashibodi, kamwe si chini ya bati. Tinti yenye madini inaua mawimbi. Chaja za bei chee nazo zina kelele. Ichomoe uone kama setilaiti zinaongezeka. Tafuta 8 kwenda juu, na HDOP, yaani namba ya jinsi setilaiti zilivyojipanga vizuri angani, iwe chini ya 2.

Mwenye uzi: Nimepima. 24.6, swichi imezimwa! Haya, na ndege?

Angani06: Juu hakuna ghorofa, antena iko mgongoni inaona anga lote. Tena ndege haiamini kichwakichwa: RAIM, mfumo wa kujikagua ndani ya kipokezi chake, inalinganisha setilaiti zenyewe kwa zenyewe, 5 kugundua kosa, 6 kuitenga iliyo mbovu. Kimo ndipo GPS inakosea zaidi, kwa hiyo rubani hufuata altimita ya shinikizo la hewa. Kushuka hadi futi 200 kwa setilaiti kunataka masahihisho kama ya WAAS Marekani au EGNOS Ulaya. Pasipo na hayo kuna ILS, mawimbi ya redio ya kuongoza ndege kutua, mitambo yake iko palepale uwanjani.

Mwenye uzi: Shukrani mkuu. ACC nichukue wapi?

FundiWaya: Nyuma ya swichi ya ufunguo. Usichukue kwenye redio, nyingi zimeungwa moja kwa moja na betri. Weka fyuzi, kisha kwenye mipangilio washa kichujio cha gari lililosimama.