Bastola moja ya kukaa nayo miaka 20: Glock 17, CZ 75, Beretta 92FS au revolva?

Mtulivu82
Wakuu, heshima kwenu. Kibali kimetoka, mafunzo nimemaliza, sefu imeshapigwa bolti ukutani. Kilichobaki ni chombo chenyewe. Nataka bastola moja tu, nizeeke nayo. Nimeshika tatu mkononi: Glock 17, CZ 75 na Beretta 92FS, zote za milimita 9. Mzee wangu mmoja ananicheka, anasema niachane na hayo madude nichukue revolva, ile ya silinda inayozunguka. Nitakuwa nalenga shabaha mara mbili kwa mwezi, risasi 100 kila nikienda. Ipi haikwami, na ipi haichoki?

FundiChuma
Hayo ni maswali mawili mkuu, usiyachanganye. Piga hesabu kwanza: risasi 200 kwa mwezi ni 2,400 kwa mwaka, na kwa miaka 20 ni 48,000. Hakuna bastola itakayofika huko bila kubadilishiwa springi. Springi ya kurudisha slaidi (kile chuma cha juu kinachorudi nyuma kila risasi inapotoka) ibadilishe kila baada ya risasi 5,000 hivi, yaani miaka miwili kwa mwendo wako. Wengi wanangoja mpaka ianze kugoma ndipo waseme bastola ni mbovu.

Sasa hizo tatu. Glock iliingia jeshi la Austria mwaka 1982, na aliyeibuni hakuwahi kutengeneza bunduki kabla ya hapo. Pengine ndiyo maana aliiacha rahisi hivyo, ina vipande kama 34 tu. Fremu ni ya polima, yaani plastiki ngumu, kutu haina pa kushika. CZ 75 ni chuma, na slaidi yake inatembea ndani ya fremu badala ya kuikumbatia kwa nje. Inatulia mkononi ajabu, ila sehemu ya kushika wakati wa kukoki, yaani kuvuta slaidi nyuma, ni nyembamba, mikono ikiwa na jasho utateleza. Pini inayozuia slaidi ndiyo hiyo hiyo inayoshikilia mtutu, kwa hiyo inapigwa kila risasi inapotoka. Nunua ya akiba siku ile ile unayonunua bastola.

Jicho_Moja
Beretta umeiruka fundi. Wamarekani waliichagua mwaka 1985 wakaiita M9, wakakaa nayo zaidi ya miaka 30 mpaka bastola ya kampuni ya SIG ilipochaguliwa mwaka 2017. Bastola mbovu haikai jeshini muda wote huo.

FundiChuma
Sikuiruka, nilikuwa nameza chai. Slaidi yake iko wazi juu, ganda la risasi linatoka bila kizuizi, ndiyo maana haikwami ovyo. Ila mwishoni mwa miaka ya 1980 baadhi ya slaidi zilikatika jeshini, na kipande cha nyuma kikawarukia wapigaji usoni. Ndipo pini ya nyundo ikapewa kichwa kikubwa cha kuizuia slaidi hata ikikatika, na hiyo ndiyo 92FS uliyoishika. Kinachochoka humo ni kile kipande kinachofunga mtutu. Kinabadilishika, lakini ukikipuuza kitakatika chenyewe.

Babu_wa_Revolva
Kijana, mimi ndiye wa hoja ya revolva hata kama siye mzee wako. Smith & Wesson Model 10, uzao wake ulianza 1899 na zimetengenezwa zaidi ya milioni sita. Risasi ikigoma, unavuta triga tena, silinda inazunguka inaleta nyingine. Hakuna magazini (kile kibebeo cha risasi kinachoingia kwenye mpini) wala kukoki.

MamaShabaha
Shikamoo babu. Ni kweli, lakini revolva ikikwama kweli, imekwama. Nimeona baruti ambayo haikuungua imejificha chini ya ile nyota inayosukuma maganda, punje chache tu kama chumvi, na silinda ikakataa kuzunguka. Ilibidi kukaa chini na mswaki. Ndiyo maana nawafundisha wanafunzi wangu kuinua mdomo wa mtutu juu wakati wa kutoa maganda, punje zidondoke chini zisiingie huko.

Na nyinyi wa magazini: nusu ya kukwama ninakokuona ni kiganja kilicholegea. Juzi mwanafunzi analalamika, ganda limesimama wima kwenye dirisha la kutolea maganda kama bomba la moshi. Nikachukua bastola ile ile, risasi zile zile, nikapiga 30 bila tatizo. Nusu nyingine ni magazini yenyewe, midomo yake imepanuka kwa kuangushwa sakafuni. Andika namba kwenye kila magazini kwa rangi. Ikikwama mara mbili kwenye namba 3, hujahitaji fundi, umehitaji kuitupa namba 3.

Babu_wa_Revolva
Marahaba mwanangu. Mswaki ninao, hapo umenipata.

Kobe_Mwitu
Na ile bastola ya Colt inayoitwa 1911 je? Kwenye majaribio ya Machi 1911 ilipiga risasi 6,000 bila kukwama, ikipata moto inatumbukizwa kwenye maji!

FundiChuma
Naipenda kuliko zote. Lakini kasema anataka ya kukaa nayo, si ya kuilea.

MamaShabaha
Kuna jambo hakuna aliyelisema. Ili uifungue Glock kuisafisha lazima uvute triga kwanza. CZ na Beretta hazihitaji hivyo. Watu wamejipiga risasi mezani, kitambaa cha mafuta mkononi, wakiamini chemba, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, ni tupu. Mtulivu, wewe ni mtu wa haraka au wa taratibu? Jibu hilo kabla ya hayo mengine. Na kidole chako kinafika kwenye triga bila kusogeza kiganja?

Mtulivu82
Nimerudi kuzishika tena. Kwenye CZ ule mvuto mrefu wa kwanza wa triga unanilazimu nigeuze mkono, vidole vyangu vifupi. Beretta ndiyo kabisa, mpini ni mnene. Glock kidole kinafika. Nachukua hiyo, magazini nne na kikopo cha rangi nyekundu.

MamaShabaha
Na siku ya kuisafisha?

Mtulivu82
Magazini nje. Slaidi nyuma, naifunga hapo. Naangalia chemba, halafu naingiza kidole cha mwisho mpaka kiguse utupu. Risasi zote ziko chumba kingine. Hapo ndipo naelekeza mtutu mahali salama na kuvuta triga.

Babu_wa_Revolva
Angalia chemba mara ya pili. Mimi yangu imepigwa miaka mingi na bado nahesabu matundu yote sita kwa sauti.