Tiketi yangu imeandikwa "imetatuliwa" mara tatu, waya bado umeanikiwa kanga

Wakuu habari za muda huu. Mods naomba msiuhamishie huu uzi kwenye jukwaa la vichekesho, mimi sicheki.

Nina steshenari ndogo hapa Sakina, Arusha. Kuprinti, kuskani, TIN, na msimu huu vijana wanaoomba mkopo wa chuo wa HESLB ndio wananilisha. Jumatatu asubuhi Fuso lililosheheni majani ya ng'ombe likapita njia yetu, likakwanyua waya wangu wa intaneti ya faiba kwenye nguzo. Nilikuwa mlangoni, nimeuona ukikatika kwa macho yangu. Ndani kwenye ruta taa ya LOS ikaanza kupepesa nyekundu. Kwa msioijua, taa hiyo ikiwa hivyo mwanga haufiki kwenye kifaa. Zima washa mpaka kesho, hupati kitu. Faiba ni uzi wa kioo, lazima fundi aje na mashine yake auunganishe kwa kuuyeyusha.

Nikapiga huduma kwa wateja (kampuni siitaji, wenyewe wanajijua). Nikaeleza yote: Fuso, nguzo, taa nyekundu. Dada wa watu kwa sauti ya asali: "Umejaribu kuzima na kuwasha, mpendwa mteja?" Nikapewa namba ya tiketi, yaani rekodi ya tatizo langu kwenye mfumo wao.

Jumanne saa nne nikatoka kufuata chapati. Nakuta jirani yangu ameuvuta ule waya, kaufunga kwenye seng'enge ya uzio wake, kaanika kanga mbili na soksi za mtoto. Simlaumu, ulilala njiani siku nzima. Sasa nimesimama pale naziangalia zile soksi, simu inatetemeka: "Mpendwa mteja, tatizo lako limetatuliwa. Tupe alama 1 hadi 5." Nikawapa 1. Wakajibu: "Asante kwa maoni yako."

Kupiga tena naambiwa tiketi ikishafungwa haifunguki, nifungue mpya. Nikafungua. Jumatano jioni, imetatuliwa. Nikafungua ya tatu. Ijumaa, imetatuliwa. Na mtaa huu haijaonekana hata ngazi ya fundi! Yaani kwenye ripoti yao waya wangu mmoja unasomeka matatizo matatu yaliyoshughulikiwa kwa wakati.

Kuna fundi wao nafahamiana naye, nikamvutia waya (wa simu, maana wa faiba una kanga). Akaniambia, "Kaka, tiketi ikipitisha saa 24 iko wazi inasoma nyekundu kwa bosi. Wale wa ofisini wanafunga kwanza." Kwa hiyo nyekundu ya bosi inazimwa, yangu inaendelea kupepesa, na mimi naunguza bando la simu kwa hotspoti kuwajazia watoto wa watu fomu.

Nani kawapa haki ya kusema mimi nimeshatatuliwa? Kule Stack Overflow, mtandao wa maswali na majibu ya waandika programu ambao upo tangu 2008, tiki ya kijani ya kulikubali jibu anaiweka aliyeuliza, aliyejibu haimhusu. Hata fundi cherehani wa pale Kilombero anakwambia vaa kwanza tuone.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Ukitaka kwenda TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano), na ofisi ya Kanda ya Kaskazini ipo hapa hapa Arusha, utaratibu ni uanze kwa mtoa huduma wako, ukishindwana naye ndio upande kwao. Sasa mtoa huduma wangu ana rekodi tatu zinazosema nilishahudumiwa. Nitaonekana mgomvi tu! Nimepiga picha meseji zote, nimepiga video ya taa, na kanga za jirani pia (kwa ruhusa yake, alitaka kwanza atoe soksi).

Kuna aliyewahi kwenda na kesi ya namna hii akasikilizwa? Alibeba nini mkononi?

Waya uko pale pale. Leo asubuhi kaongeza mashuka.

Nawasilisha.