Mbwa na paka wakati wa sikukuu: wako alilishwa nini na wageni? Tupeane uzoefu

Kibada_Mwisho wa Lami: Wakuu, jirani kaja kumwaga sahani nzima ya mifupa ya kuku kwenye bakuli la mbwa wetu, eti "na yeye ale Krismasi." Nimeizoa yote, kanuna. Nani yamemkuta?

Mchaga Halisi: Acha kabisa. Tulikuwa Moshi, ukoo mzima umejaa. Shangazi akakwangua ukoko wa pilau, sufuria ile kubwa ya shughuli, vitunguu vimeungulia chini na saumu ya kutosha, akammwagia Simba na kachumbari iliyobaki juu. Siku hiyo hana neno, anabweka vizuri tu. Baada ya siku kama tatu kalala chini ya gari, hata kuku anampita usoni. Nikamfunua mdomo, fizi nyeupe kama karatasi. Akakojoa, mkojo rangi ya chai ya rangi! Bwana mifugo alipofika akadhani ni homa ya kupe, maana nayo inaleta mkojo wa hivyo. Kapima damu, vijidudu hakuna. Ndipo akauliza, "Sikukuu mlimlisha nini?" Kumbe vitunguu vinavunja chembe nyekundu za damu, na havionyeshi siku hiyohiyo. Drip ilining'inizwa kwenye tawi la mparachichi, bibi kakaa pembeni anamwombea rozari. Alipona. Shangazi mpaka leo anasema ni kijicho cha majirani.

Dada wa Tabata: Ukoko huohuo, na mimi 😭

Ngosha_Original: Mbwa wa babu kala ukoko na mifupa maisha yake yote, drip hajawahi kuiona. Haya ni magonjwa ya mbwa wa Masaki.

Mchaga Halisi: Simba ni koko, tena wa kuokotwa sokoni. Na wa babu yako akifa si mnasema jirani kamtegea sumu? Nani alimpima?

Ngosha_Original: Usimwingize babu.

Mama Paka Unguja: Mnasahau paka. Vitunguu vinawaumiza kuliko hata mbwa. Idd wangu nawafungia chumbani mpaka wageni waondoke.

Fundi Bomba: Ukimfungia mbwa, viatu vya wageni atalinda nani?

Kibada_Mwisho wa Lami: Turudi kwenye mifupa jamani.

Mfugaji Kihonda: Mfupa uliopikwa, hasa wa kuku, unapasuka vipande vyenye ncha, vinachoma utumbo. Mbichi afadhali.

Dada wa Tabata: Mbichi nao una bakteria. Mpe nyama isiyoungwa, yaishe.

Ngosha_Original: Akila sumu mpe maziwa, yanakata.

Mfugaji Kihonda: Hayakati kitu, utamwongezea kuhara tu. Na msimnyweshe chumvi atapike, chumvi nyingi nayo inaua.

Fundi Bomba: Shemeji alimpa wetu bia. Kalala mlangoni, tukamruka siku nzima 😂

Mama Paka Unguja: Hicho si kichekesho. Mbwa anaweza kufa kwa pombe.

Mgeni_Jukwaani: Samahani wakuu, wangu kala keki ya matunda yenye zabibu kavu, muda si mrefu. Anacheza tu. Nisubiri?

Mfugaji Kihonda: Usisubiri! Zabibu zinaua figo za mbwa, na kiasi kidogo tu kinaweza kutosha. Mpigie daktari wa mifugo sasa hivi, wakati bado anaweza kumtapisha. Usimtapishe mwenyewe.

Mgeni_Jukwaani: Nimempigia. Yuko ukweni, anakuja na bodaboda.

Ngosha_Original: Na chokoleti je?

Dada wa Tabata: Wewe si ulisema ni mambo ya Masaki?