Mrejesho: maneno ya Kiingereza yenye A, E, I, O na U

Ndugu zangu, aksanti sana. Juzi niliuliza namna ya kupata maneno ya Kiingereza yenye irabu zote tano, kwa ajili ya watoto ninaowafundisha jioni hapa Goma.

Ushauri wa kuanzia mwisho wa neno umefaa kabisa. Tulishika "-tion", yenye I na O tayari, zikabaki A, E na U: "education" likatoka palepale. Kisha "sequoia", herufi 7 tu! "Facetious" lilichelewa, ila ndilo ninalolipenda zaidi, maana irabu zake zimejipanga kwa mfuatano wa alfabeti. Mtoto mmoja akakumbuka la Kifaransa, "oiseau", herufi 6. Halikuhesabiwa, lakini wenzake walimpigia makofi. Kesho tunatafuta yenye Q isiyofuatwa na U.