Naomba ushauri: mfadhili anataka vyeti vya maadili mema, mweka hazina wetu alifungwa

Hamjambo wenzangu. Sisi ni kikundi cha useremala Nyalenda, Kisumu, kilichosajiliwa chini ya sheria ya vikundi vya jamii ya 2022. Tunawachukua vijana walioanza kuvutwa na magenge, pamoja na waliotoka gereza la Kodiaga. Wengine wametoka na ufundi mzuri wa randa na msumeno, lakini hakuna anayewaachia hata ufunguo wa duka.

Sasa kuna mfadhili yuko tayari kutununulia mashine. Sharti lake: kila afisa wa kikundi alete cheti cha maadili mema kutoka DCI, idara ya polisi ya upelelezi wa jinai. Mweka hazina wetu aliwahi kufungwa kwa wizi. Vitabu vyake ni safi, na vijana humsikiliza kuliko mimi mwenyekiti. (Pesa ni za kuwainua waliofungwa, ila aliyefungwa asizishike. Haya basi.)

Wenzangu wanataka tuandike jina la mtu mwingine, yeye aendelee na kazi chinichini. Mimi sitaki, huo ni uongo na vijana watauona. Kuna aliyewahi kumweleza mfadhili hali kama hii waziwazi akaeleweka? Tukipendekeza watia saini watatu benki itatosha? Na kuhamia sheria ya mashirika ya manufaa ya umma, iliyoanza kutumika Mei 2024, kutatusaidia au ni kujiongezea makaratasi tu?